Kaniki Ilipotulia

Mwanangu Mwanaidi,

Umetoka sasa hivi kwenda kwa Mama Furaha kusukwa, na rasta ulizochagua, nyembamba kama uzi na ndefu mpaka kiunoni, zitakula saa tano nzima. Basi nina saa tano. Nimefunga mlango wa chumba cha kazi kwa ndani, mteja akigonga nitajifanya sipo. Barua hii nataka iwe kwenye begi lako kabla hujarudi, chini kabisa, chini ya mashuka, uikute ukiwa unatandika kitanda chako kipya huko Cape Town. Ukiisoma hapa utanijibu, tutagombana, na siku hizi nikigombana na wewe nashindwa mimi.

Najua utaisoma polepole. Kiswahili unakielewa chote, usinidanganye, ila ukikisoma unakuwa kama mtu anayechambua mchele. Isome kwa sauti. Neno likikukwama, mpigie Mama Furaha akueleze.

Habari za dawa sitaziandika. Karatasi ya kliniki nimeibandika ndani ya kifuniko cha begi, na wewe umeihifadhi kuliko mimi. Ya blanketi, ya kula, ya wanaume, nayo siyaandiki. Nimeyasema mwezi mzima mpaka nikifungua mdomo unanimalizia sentensi. Wala sitauliza tena kwa nini chuo kilichopo hapo jirani Doornfontein, ambacho geti lake naliona nikianika nguo dirishani, hakikukufaa. Ulishanijibu. Ulisema unataka kuoga bila mtu kusimama nje ya mlango. Liliniuma, lakini ni kweli nasimama.

Nataka kukuandikia habari ya pasi.

Juzi tulipokuwa tunapanga vitu nilikuwekea ile pasi ndogo. Ukaitoa. Nikairudisha, ukaitoa tena, ukacheka, ukanionyesha kiganja chako cha kushoto chenye lile kovu. Ukasema kwa Kiingereza chako, eish, Ma, mimi na pasi wapi na wapi, si unakumbuka nilivyokuwa mjinga. Nikacheka na mimi. Halafu nikaingia chooni, nikafungulia bomba, nikakaa humo mpaka ukaja kugonga. Miaka minane sasa unalisimulia kovu hilo hivyo hivyo kwa kila anayeuliza: nilikuwa mtundu, nikachezea pasi ya mama, nikaungua. Mwanangu, hadithi hiyo niliitunga mimi. Wewe hukucheza na pasi.

Turudi nyuma kidogo. Ulianza kuanguka ukiwa na miaka tisa, na katika nyumba yetu kila mtu alikuwa na njia yake ya kukimaliza kifafa. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa hai bado, yeye akipiga magoti pembeni yako anasoma Yasini. Mama Furaha, ambaye tangu wakati huo tunagawana chumba hiki cha Jeppestown, yeye na nywele zake upande wa dirisha, mimi na cherehani zangu nyuma ya pazia, yeye alikuwa anakuwekea mkono kichwani na kuamuru kitoke kwa jina la Yesu, kwa Kiswahili cha Bukavu na Kifaransa juu yake. Mimi nilikuwa na kaniki, ile nguo nyeusi ya kujifunika. Kwetu Tanga mjomba wangu mmoja alikuwa mgonjwa wa kifafa, na bibi alikuwa akimfunika kaniki kuanzia kichwani mpaka miguuni, hafunuliwi mpaka nguo itulie. Alisema macho ya watu ndiyo yanayokizidisha. Kaniki ile ile nilikuja nayo huku, imekunjwa ndani ya begi pamoja na vyeti.

Na kila mara kifafa kilikwisha. Sasa hapo ndipo tulipopotea, maana kila mmoja alijua kilikwisha kwa ajili yake. Baba yako anakumbuka alikuwa amefika aya gani. Mama Furaha anakumbuka neno alilolisema. Mimi nakumbuka kaniki. Tuliwahi hata kununiana siku mbili kwa sababu ya jambo hilo, watu wazima watatu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba pengine kingekwisha hata tungekaa kimya tukakutazama tu.

Lakini nisikufiche, kaniki ilikuwa na kazi nyingine. Ilikuwa inakuficha. Kuna mteja, mama wa Kitanzania mwenzangu, alikuona umeanguka mara moja, povu mdomoni, akakusanya vitambaa vyake vyote mezani akaondoka navyo, hata vile nilivyokuwa nimeshavikata. Alisema hawezi kumvika bintiye nguo iliyoshonwa pale. Nililia, kisha nikafanya ubaya wangu: nikakukalisha kitandani nikakwambia usimwambie mtu. Ukiulizwa kuhusu dawa, sema pumu. Ulikuwa mtoto mtiifu, ukanitii. Shuleni wakaandika pumu.

Na jambo la tatu unapaswa kulijua ndipo uielewe siku hiyo. Ulipoanza shule ulianza kuacha kunisemesha Kiswahili, kidogo kidogo. Si kwa ubaya. Nakusemesha Kiswahili unanijibu Kiingereza, ukiwa na rafiki zako ni Kizulu, na mimi nasimama katikati na sufuria mkononi. Mpaka unafika miaka kumi na moja, nilikuwa sijakusikia ukiniita kwa lugha yangu kwa miaka miwili. Sikumwambia mtu. Ningesema nini, kwamba namkosa mtoto ambaye yupo hapo hapo anakula?

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa na mama wa bibi harusi kutoka Dar, gauni saba, kazi ya kunitoa kimasomaso. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia unafanya kazi zako za shule, karibu na meza ya kupigia pasi. Nikasikia kiti kimeanguka. Nikamwomba yule mama radhi, nikaingia, nikakukuta umeshashikwa, mkono wa kulia unapiga sakafu. Nikakulaza ubavu, nikakufunika kaniki mwili mzima, nikatoka na uso wa kawaida. Nikamwambia mtoto ana mafua, amelala.

Nikaendelea kumpima. Jicho moja kwake, jingine chini ya pazia, kwenye ukingo wa kaniki. Ikawa inatikisika, inatikisika. Kisha ikatulia. Nikasema moyoni alhamdulillahi, imekwisha, nikatia pini mdomoni nikaanza kupanga kiuno cha gauni. Sikuinua nguo kukutazama uso. Ningeinua ningechelewa, na yule mama alikuwa ameshaanza kuangalia saa. Pasi ilikuwa inawaka, nilijua kwamba inawaka.

Aliyepiga kelele ni Mama Furaha, kutoka upande wake. "Mama Mwanaidi, muangalie mutoto, ameshika pasi!"

Nilipofika ulikuwa umesimama. Kaniki imekuning'inia begani, macho yako wazi, midomo inacheza kama mtu anayeonja kitu, na kiganja cha kushoto umekilaza juu ya pasi. Hukuwa unalia. Mama Furaha akakivuta kiganja. Na mimi, Mwanaidi, nilikupiga kofi. La shavuni, kwa nguvu, mbele ya mteja aliyefunua pazia. Kwangu mimi kifafa kilikuwa kimekwisha, nguo ilikuwa imetulia, basi mtoto aliyesimama pale alikuwa mzima mwenye akili zake, anaweka mkono kwenye pasi kusudi aniaibishe. Ukanitazama kama unavyomtazama mtu anayepita barabarani. Kofi hulikumbuki. Nimekuchunguza miaka yote hii, hulikumbuki.

Yule mama akaondoka na kazi yake ya gauni saba, nasi tukakutia mkono kwenye ndoo ya maji. Zikapita dakika, sijui ngapi. Kisha ukaniangalia, safari hii ukaniona, ukasema, "Mama, mkono unaniuma."

Kwa Kiswahili. Sauti yako, maneno yangu. Na haya ndiyo yanayonikosesha usingizi, si kofi. Kabla sijakuonea huruma, kabla sijautazama mkono, nilifurahi. Mtoto wangu anaugulia maumivu na mimi moyo unaniruka kwa sababu ameniita Mama, akasema unaniuma. Wallahi nilikukumbatia kwa furaha. Baada ya robo saa Kiingereza kikarudi, ukauliza kwa Kiingereza kimetokea nini, na mimi nikakujibu haraka bila kufikiri, ulikuwa unacheza na pasi. Mama Furaha alikuwa ameinamia ndoo, akanyanyua uso, kisha akaendelea kukumwagia maji. Wiki kadhaa baadaye ndipo aliponiambia taratibu, "Siku moya utamwambia." Miaka minane amenisubiri. Leo nilipomwomba akusuke kwake nyumbani badala ya hapa, hakuniuliza sababu.

Ningeweza kufa na uongo ule kama si ile wodi uliyolazwa. Unaikumbuka kwa supu mbaya na kwa nyaya walizokutia kichwani, siku tisa, wakikupunguzia dawa ili kifafa kije wakione kinatokea wapi. Siku ya saba ulikuwa umelala. Yule daktari kijana, binti wa Kizulu mwenye subira, akaniita kwenye chumba cha mashine. Kiingereza changu unakijua, akawa ananichorea.

Kwenye kioo kulikuwa na mistari, mmoja chini ya mwingine. Akasema kila mstari ni mahali pamoja ndani ya kichwa chako. Kifafa chako kinaanzia hapa, akaweka kalamu, kisha kinakwenda hapa na hapa, kwa sababu sehemu hizi zimeunganishwa, zinasemeshana siku zote hata ukiwa mzima. Kuanza kwake nilikuwa nimeshaeleza watu mara mia. Nilichokuwa sijawahi kukifikiria ni kuisha. Akanionyesha kifafa cha kwanza. Mistari ilichafuka yote, kisha ikanyooka yote kwa mara moja, ghafla, kama chumba chetu umeme unapokatika na cherehani zote zinanyamaza pamoja. Akasema mara nyingi huisha hivyo, sehemu zilizo mbali zinaacha pamoja kana kwamba zimeambiwa.

Kisha akaweka cha pili, na pembeni picha ya video ya kitanda chako. Mistari ya juu ikanyooka. Kwenye video mkono wako ukatulia. Daktari akasema, hapa mwili umenyamaza. Akashusha kalamu kwenye mistari miwili ya chini. "Lakini hapa," akasema, "bado."

Akaiacha iendelee. Mistari miwili ile inachafuka, inachafuka, na kwenye video uko kimya, macho wazi, midomo inacheza. Na mimi nipo kwenye video hiyo hiyo. Najiona nakunyooshea shuka, naweka dera langu sawa, nageuka kuongea na nesi, nacheka. Nimekupa mgongo. Kwangu imekwisha. Dakika na zaidi nimekupa mgongo, na wewe umo ndani yake bado.

Nikamuuliza ni nani anayekizima. Nilitaka aseme Mungu, au aseme dawa. Akasema ubongo wenyewe, ila unakizima vipi hasa, na kwa nini mara nyingine sehemu moja inaacha na nyingine inaendelea, hata wao bado wanatafuta. Nikamuuliza mtoto akiwa katika hali ile, akigusa kitu cha moto, anajua? Akasema siku asiyokuwapo hawezi kuiapia, lakini mtu anaweza kusimama, akashika kitu, akatembea, asijue wala asikumbuke. Nikamshukuru, nikatoka, nikakaa chini pale koridoni, sakafuni, na dera langu. Uliponiona macho mekundu nilikwambia ni furaha, kwa kuwa wameamua hawatakupasua kichwa. Huo nao ulikuwa uongo. Kutokupasuliwa kulinivunja moyo. Wangekata wapi, ikiwa zinahusika sehemu mbili zinazosaidiana?

Tangu siku hiyo hujafunikwa tena. Umeona lakini hukuuliza. Ninakulaza ubavu, nakaa chini, nakutazama usoni, na mwili ukitulia ndiyo kwanza nakaa vizuri. Nakuuliza, "Leo tunakula nini?" Mara ya kwanza hujibu. Nasubiri, nauliza tena. Baadaye unasema, "Wali, Mama." Daima wali, hata kama jiko zima linanuka pap, ugali wa huku. Hapo bado hujarudi kamili. Nauliza tena na tena, mpaka unakunja uso na kunijibu kwa Kiingereza, Ma, niache, niko sawa. Hapo ndipo najua imekwisha, kila mahali, mpaka chini kabisa.

Sasa nikwambie la mwisho ambalo hata Mama Furaha halijui. Kati ya ule wali na kile Kiingereza kuna dakika kama kumi. Katika dakika hizo wewe ni mtoto wangu wa miaka sita. Unanijibu kwa Kiswahili cha Tanga, na lafudhi ya mama yangu ambaye hujawahi kumwona. Na mimi nilikuwa naiba. Badala ya kukuacha upumzike, nilikuuliza mengine. Viatu vyekundu viko wapi? Unampenda nani? Nawe unajibu, macho nusu, viko mvunguni, nakupenda wewe. Ulikuwa umechoka, kichwa kinakugonga, na mama yako anakuchokoza apate kusikia neno moja zaidi. Kiingereza kilipoingia, nilikuwa nasikitika. Mtoto amepona na mama anasikitika. Na kuna miezi dawa zilikukubali, kimya, hakuna kuanguka, kila mtu anashukuru, na mimi pia nashukuru, lakini kuna usiku nilitamani nikusikie. Nisamehe. Sikukitamani kifafa, Mungu anajua. Nilikutamani wewe.

Nimekuandikia haya si ili unihurumie. Wiki iliyopita nimekusikia unaongea na yule msichana wa Polokwane mtakayekaa naye chumba kimoja. Alikuuliza kuhusu dawa kwenye simu, nawe ukamjibu bila kusita hata kidogo, ni za pumu. Sauti yako ilikuwa laini kabisa. Neno langu la miaka tisa iliyopita linatembea kwenda nawe Cape Town, na huko hakuna mimi. Ukianguka atafanya nini? Atatafuta kipulizia cha pumu. Na ukitulia atafanya kama nilivyofanya mimi, tena yeye bila kosa: atasema imekwisha, atakwenda darasani, na wewe utasimama na macho wazi uende kwenye jiko, au kwenye ngazi, au uvuke barabara taa ya robot ikiwa nyekundu.

Kwa hiyo lile neno nalichukua. Nililisema mimi, naliondoa mimi. Mwambie leo, kabla hujamaliza kutandika. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine ndogo, ni ya kwake. Mtoto wa jirani kaniandikia kwa Kiingereza, nimeisoma mara nne. Inasema asikushike kwa nguvu, asikutie kitu mdomoni, asikufunike, akuweke ubavu, atazame saa, zikizidi dakika tano aite ambulensi. Na mwili ukitulia asiondoke. Akae, akuulize kitu, aendelee kuuliza. Ukimjibu wali, asikuamini.

Akicheka akakuhama, basi ahame, kitanda kitapata mtu mwingine. Mimi nilipoteza gauni saba kwa aibu, na gauni saba zinashonwa tena.

Kaniki nimeikata. Utaiona ndani ya koti lako jeusi, nimeiweka bitana, inazuia upepo vizuri. Pasi ndogo nimeirudisha kwenye begi, na safari hii iache humo, kwa sababu huna ugomvi nayo. Jumapili ukinyoosha nguo zako, nyoosha kama mtu ambaye hajawahi kufanya kosa.

Saa zimekwisha, nasikia viatu vyako ngazini na Mama Furaha anakucheka. Sina la kufungia ila hili. Miaka yote nimekulalamikia uniongeleshe Kiswahili, nikakununia, nikajifanya sikusikii. Ukimaliza kuisoma hii, nipigie hapo hapo, na nikikuuliza leo mnakula nini, nijibu kwa Kiingereza. Kile cha haraka haraka, cha kunikasirikia. Nikikisikia hicho nitalala.

Mama yako